Seli Zinapobadilishiwa Sukari na Kuanza Vituko: Namna ya Kutafuta Chanzo

Unafuga seli maabara kwenye midia, yaani mchuzi wa virutubisho. Umeondoa glukosi ukaweka galaktosi, au umeshusha glukosi kutoka milimola 25 hadi 5.5 kwa lita, na siku mbili baadaye unakuta jambo ambalo hukulitarajia. Midia imekuwa njano. Au seli zimeacha kugawanyika. Au hakuna kilichobadilika kabisa, na hili ndilo linalokera zaidi kwa sababu halipigi kelele. Lawama ya kwanza huiangukia sukari mpya. Mara nyingi inasingiziwa: seli hazili lebo ya chupa, zinakula kilichomo ndani ya flaski, na hivyo viwili vinaweza kutofautiana sana.

Kwa hiyo kabla ya kurekebisha chochote, pima. Chukua sampuli ya midia siku ya kwanza na siku ya mwisho, pima glukosi na laktati (zao la kuvunjwa kwa glukosi), halafu hesabu seli. Weka pia flaski moja yenye midia bila seli kwenye inkubeta ileile (kabati la joto la seli), maana maji huvukiza na kila kitu kikaonekana kimeongezeka. Kisha gawanya laktati iliyozalishwa kwa glukosi iliyoliwa, zote kwa milimola. Molekuli moja ya glukosi haiwezi kutoa zaidi ya mbili za laktati. Uwiano ulio karibu na 2 unamaanisha sukari karibu yote inaishia kwenye laktati. Ukiwa chini ya 1, sehemu kubwa inaelekea kwingine, ama kwenye mitokondria (sehemu za seli zinazochoma chakula kwa oksijeni) ama kwenye ujenzi wa seli mpya. Ukipata zaidi ya 2, laktati nyingine inatoka kwa glutamini (amino asidi iliyomo kwenye midia), au kipimo chako kina hitilafu. Anza kwa kushuku kipimo.

Na hapa kuna mtego. Wengi hutumia kile kifaa kidogo cha kupimia sukari ya damu, ambacho ni cha bei nafuu na cha haraka. Kwa glukosi kinafaa kama mwongozo tu, kwa sababu kimerekebishwa kwa damu nzima yenye chembe nyekundu, na midia haina chembe hizo. Jumlisha na hili: baadhi ya vijiti vyake hutumia kimeng'enya kinachosoma galaktosi na maltosi kana kwamba ni glukosi. Ukiweka kijiti cha aina hiyo kwenye midia ya galaktosi, kitakuonyesha "glukosi" isiyokuwepo, nawe utahangaika kutafuta imetoka wapi. Jaribu kijiti kwenye midia ya galaktosi ambayo haijawahi kuona seli. Kikisoma juu, kiweke kando, tumia kipimo cha glukosi oksidesi au cha heksokinesi. Kama kifaa kinasoma miligramu kwa desilita, gawanya kwa 18 upate milimola.

Midia inageuka njano upesi

Fenoli nyekundu, rangi inayoonyesha asidi ya midia, huwa njano pH ikishuka chini ya 6.8 hivi, na seli nyingi za mamalia zinataka 7.2 hadi 7.4. Kwenye glukosi nyingi, asidi ya laktiki ndiyo mshukiwa wa kwanza, na hesabu yake ni rahisi. DMEM, midia inayotumika sana, ile ya glukosi nyingi, ina gramu 4.5 kwa lita, yaani milimola 25. Zikiliwa zote na kugeuzwa laktati, zinaweza kutoa karibu milimola 50 za asidi. Bikaboneti iliyomo, ambayo ndiyo bafa (kinga ya pH), ni gramu 3.7 kwa lita, takriban milimola 44. Bafa imezidiwa kabla sukari haijaisha. RPMI 1640, midia nyingine, ina glukosi milimola 11 na bikaboneti milimola 24, hivyo iko pembeni kabisa mwa mstari huohuo.

Tabia hii ya seli si ugonjwa. Otto Warburg aliiona kwenye tishu za saratani miaka ya 1920: seli zinavunja glukosi hadi laktati ingawa oksijeni ipo. Mwaka 1929 Herbert Crabtree akaonyesha upande wa pili, kwamba kuziongezea glukosi kunashusha upumuaji wao. Laini nyingi za seli tunazofuga leo hufanya yote mawili. Seli yenye sukari tele haina haja ya kubana matumizi.

Kama hesabu inakubali kwamba ni laktati, punguza idadi ya seli unazopanda, badilisha midia mapema, au shusha glukosi hadi milimola 5.5 au 10 na uilishe kidogo kidogo. Kuongeza bikaboneti ovyo hakusaidii: bikaboneti inakwenda pamoja na kaboni dioksidi ya inkubeta, na ukiiongeza unapandisha pia osmolaliti (wingi wa vitu vilivyoyeyuka). HEPES, bafa nyingine, ya milimola 10 hadi 25 hukupa muda tu. Haiondoi chanzo.

Lakini kama midia ni njano na seli ni chache, usiendelee kuigombeza sukari. Iweke midia tupu kwenye inkubeta kwa saa chache. Ikibadilika rangi bila seli, tatizo ni gesi. Kuna hali moja inayorudiwa sana: mtu anachukua midia ya L-15 ya Leibovitz kwa sababu ina galaktosi badala ya glukosi, anaiweka kwenye inkubeta ya kaboni dioksidi asilimia 5, inageuka njano, naye anaandika kwamba galaktosi inaongeza asidi. L-15 haina bikaboneti. Ilitengenezwa kwa hewa ya kawaida, na bafa yake ni fosfeti pamoja na amino asidi. Kaboni dioksidi inaiangusha pH hata kama hakuna seli hata moja ndani.

Ikiwa ni njano na ina ukungu, ni bakteria au hamira, tupa. Njano bila ukungu, na ukuaji umepungua, pima mikoplasma, bakteria wadogo sana wasiotia ukungu. Baadhi ya spishi, Mycoplasma hyorhinis mojawapo, huvunja glukosi na kutoa asidi. Nyingine, kama M. orale na M. arginini, hula arginini na kuacha amonia, na midia hubaki nyekundu au hata hupanda kuelekea zambarau huku seli zikififia. Kwa sababu hiyo, midia nyekundu kwenye galaktosi isikutulize. Inaweza kumaanisha kwamba laktati ni kidogo, jambo la kawaida, au kwamba seli hazifanyi lolote.

Kwenye glukosi ndogo, ukuaji unakwama siku ya pili

Hapa jibu mara nyingi ni dogo kuliko nadharia inayotengenezwa kulieleza. Chukua seli zinazokula nanomoli 200 za glukosi kwa seli milioni moja kila saa, kiwango ambacho laini inayokua kwa kasi inaweza kufikia. Ukiwa na seli milioni moja kwa kila mililita, hiyo ni milimola 0.2 kwa saa, karibu milimola 4.8 kwa siku. Glukosi ya milimola 5.5 imekwisha siku inayofuata. Seli hazikuishi kwenye "glukosi ya kiwango cha damu". Ziliishi kwa saa chache kwenye kiwango cha damu, kisha zikakaa na njaa hadi ulipozifungulia mlango.

Mwilini damu hupita na kujaza sukari bila kukoma. Kwenye flaski hakuna anayejaza ila wewe. Ukitaka kweli kulinganisha milimola 25 na 5.5, panda seli chache zaidi, badilisha midia kila siku pande zote mbili, na pima glukosi kabla ya kila badiliko. Ikishuka chini ya milimola 2 au 3, jaribio lako limeshakuwa la njaa na linapaswa kuitwa hivyo.

Kagua pia mizani. Glukosi ya unga huja bila maji ikiwa na uzito wa moli wa 180.16, au pamoja na molekuli moja ya maji, 198.17. Gramu 4.5 za ile yenye maji zikiwekwa kwenye lita moja zinatoa milimola 22.7, si 25. Tofauti hii haitaua seli, ila inatosha kuvuruga ulinganisho wa makundi mawili ya midia yaliyotengenezwa na watu wawili.

Seli zinakufa kwenye galaktosi

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo maelezo yanayozunguka yanapopotosha. Utasikia kwamba galaktosi haitoi ATP (sarafu ya nishati ya seli) yoyote kwenye glikolisisi, yaani hatua za kuvunja sukari bila oksijeni. Stoikiometria, yaani hesabu ya molekuli, haikubali. Galaktosi huingia kwa njia ya Leloir, mfuatano wa vimeng'enya: kimeng'enya GALK1 huipa fosfeti kwa kutumia ATP moja, kama vile heksokinesi inavyofanya kwa glukosi, GALT hubadilishana na UDP-glukosi, GALE huirudisha UDP-glukosi hiyo, PGM1 humalizia kwa kutoa glukosi-6-fosfeti. Kuanzia hapo njia ni ileile, na faida ni ATP mbili zilezile. Kinachotofautiana ni kasi. Njia ya Leloir katika seli nyingi ni nyembamba, kaboni hupita polepole mno, na glikolisisi peke yake haiwezi kulipia gharama za seli. Basi seli inalazimika kutegemea mitokondria, na hasa glutamini inayochomwa humo.

Ukilishika hilo, vyanzo vya vifo vinajipanga vyenyewe.

Cha kwanza ni mitokondria yenye kasoro. Hapo kifo ndicho jibu la jaribio. Fibroblasti (seli za tishu unganishi) za wagonjwa wenye upungufu kwenye mnyororo wa upumuaji wa mitokondria huishi kwenye glukosi na kufa kwenye galaktosi, na watafiti wametumia jambo hilo kwa miongo kuzitambua. Seli zilizopoteza DNA ya mitokondria zinahitaji glukosi, na juu yake uridini ya mikrogramu 50 hivi kwa mililita pamoja na piruvati. Uridini inahitajika kwa sababu kimeng'enya kimoja cha kutengeneza pirimidini (vijenzi vya DNA na RNA) kinakabidhi elektroni zake kwa mnyororo huohuo. Seli za namna hii usizijaribu kwenye galaktosi, hazina pa kukimbilia.

Cha pili ni dawa unayoiongeza bila kuifikiria. Doksisaiklini, inayotumika kuwasha au kuzima jeni kwenye mifumo ya tetrasaiklini, inazuia ribosomu za mitokondria, mashine zake za kutengeneza protini. Kloramfenikoli vilevile. Kwenye glukosi nyingi seli hufidia kwa glikolisisi na huoni kitu. Kwenye galaktosi pengo linafunuka. Ikiwa kundi lenye doksisaiklini linakufa na lisilo nayo linaishi, usitangaze kwamba jeni yako ni muhimu kwa upumuaji kabla hujaweka kundi la tatu: seli za asili, zisizo na jeni hiyo, zikiwa na dozi ileile ya dawa.

Cha tatu ni oksijeni, na hiki ndicho ninachokiona kikisahaulika kuliko vyote. Oksijeni iliyoyeyuka kwenye midia ya nyuzi 37 iliyosawazika na hewa ni kama milimola 0.2 tu. Hakuna akiba. Lazima ishuke kutoka juu kupitia kina cha midia, polepole, bila kusita. Mililita 15 kwenye flaski ya sentimita za mraba 75 zina kina cha milimita 2. Ukiweka 30 "ili zisikaukiwe wikiendi", kina ni milimita 4, na seli zilizojazana sakafuni zinaweza kukosa pumzi. Kwenye glukosi hilo hulioni, zinahamia kwenye laktati na maisha yanaendelea. Kwenye galaktosi hazina pa kuhamia. Kabla ya kuhitimisha lolote, rudia na midia ya kina kidogo na seli chache. Ni jaribio la jioni moja, na mara kadhaa litakuokolea majuma ya kutafuta kasoro ya jeni isiyokuwepo.

Cha nne ni glutamini. Kwenye galaktosi inabeba mzigo mkubwa, na glutamini huvunjika yenyewe kwenye midia, kwa kasi zaidi kwenye nyuzi 37, ikiacha amonia. Chupa iliyokaa wazi muda mrefu ina glutamini pungufu na amonia zaidi. Ongeza mpya ya milimola 2 hadi 4, au tumia dipeptidi ya alanini na glutamini ambayo hustahimili zaidi.

Cha tano ni ghafla. Laini iliyolelewa miaka kwenye milimola 25 za glukosi haihitaji kutupwa kwenye galaktosi Jumatatu asubuhi na kupewa dawa ya majaribio Jumanne. Pasaji chache (awamu za kuhamisha seli kwenye flaski mpya), glukosi ikipunguzwa na galaktosi ikipandishwa hadi milimola 10 hivi, huacha seli zijenge mitokondria zaidi. Zitakua taratibu kuliko zamani. Huo ndio mwendo wake, usiulinganishe na wa glukosi ukaona ni maradhi.

Cha sita, nadra lakini kipo: seli zisizo na GALT au zenye GALK1 dhaifu. Fibroblasti za mgonjwa wa galaktosemia haziwezi kula galaktosi, na mlundikano wa galaktosi-1-fosfeti unaziumiza.

Ukitaka kutenganisha upesi njaa ya nishati na sumu, rudisha glukosi ya milimola 5 kwenye visima vichache huku galaktosi ikibaki. Zikifufuka, tatizo lilikuwa nishati, rudi kwenye vyanzo vya juu. Zisipofufuka, kagua osmolaliti, pH, usafi wa unga wa galaktosi, na ile galaktosemia.

Seli zinanawiri kwenye galaktosi kana kwamba hakuna kilichotokea

Hili linahitaji shaka zaidi ya vifo. Serumu ya kawaida ya ndama (majimaji ya damu yanayoongezwa kwenye midia) ina glukosi yake, na ukiiweka kwa asilimia 10 inaacha sehemu ya milimola kwenye midia "isiyo na glukosi". Ni kidogo, lakini ukibadilisha midia kila siku na seli ni chache, kila siku unazipa kifungua kinywa. Tumia serumu iliyodayalaizwa, yaani iliyoondolewa molekuli ndogo kama glukosi. Kisha suuza seli mara mbili kwa chumvi ya fosfeti kabla ya kubadilisha: mililita moja ya midia ya zamani iliyobaki kwenye flaski ya mililita 15 huleta milimola 1.6 za glukosi.

Angalia unga wenyewe. Galaktosi ya daraja la chini inaweza kuwa na glukosi ndani yake, na zipo za daraja linalodhaminiwa kuwa na mabaki kidogo. Angalia pia kama midia ina piruvati. DMEM nyingi zina milimola 1, na L-15 ina milimola 5, sawa na galaktosi yake. Hapo swali la "seli zinakula sukari gani" linakuwa na jibu ambalo halihusu sukari.

Ukishaziba mianya yote na seli bado zinanawiri, basi kubali. Seli za HepG2, laini ya saratani ya ini, kwa mfano, huishi vizuri kwenye galaktosi, na ndiyo maana zinatumika kupimia sumu ya dawa kwenye mitokondria: dawa ile inayoonekana haina madhara kwenye glukosi inaziua kwenye galaktosi. Thibitisha kwa dozi ndogo ya oligomaisini au rotenoni, sumu za mitokondria. Kama seli za galaktosi hazidhuriki zaidi ya zile za glukosi, bado zina glukosi mahali fulani.

Fruktosi, manosi, sukrosi

Fruktosi huingia hasa kwa kisafirishi GLUT5, na laini nyingi zinacho kidogo. Heksokinesi inaweza kuishughulikia ila kwa unyonge, hasa glukosi ikiwepo. Seli zinazokua polepole kwenye fruktosi na kutoa laktati kidogo ziko sawa. Zinazotokana na ini ni hadithi nyingine: kimeng'enya cha ketoheksokinesi, kikiwepo, huipitisha fruktosi kando ya kizuizi cha fosfofruktokinesi, kimeng'enya kinachodhibiti kasi ya glikolisisi.

Manosi hutumika vizuri, karibu kama glukosi, mradi kimeng'enya MPI, kinachogeuza manosi-6-fosfeti kuwa fruktosi-6-fosfeti, kipo. Kikiwa dhaifu, manosi-6-fosfeti hulundikana na seli huteseka.

Sukrosi hailiwi. Seli nyingi za mamalia hazina njia ya kuipitisha wala kimeng'enya cha kuikata kwenye midia. Kama seli "zinaishi kwa sukrosi", zinaishi kwa serumu na glutamini. Zaidi ya hapo, sukrosi humezwa na kukwama ndani ya lisosomu (vifuko vya kumeng'enya vya seli), na chini ya darubini utaona mapovu meupe yaliyojaa kwenye saitoplazimu. Si maambukizi. Maltosi ni tofauti kidogo, kwani vimeng'enya vya serumu vinaweza kuikata na kuachia glukosi. Usiitumie kama sukari isiyoliwa.

MTT inasema zimekufa, darubini inasema ziko hai

Iamini darubini. Kipimo cha MTT, rangi inayotumika kukadiria seli hai, kinategemea NADH na NADPH (vibeba elektroni) ndani ya seli, na hivyo vinategemea sukari. Ukipunguza glukosi au kuweka galaktosi, rangi inaweza kushuka bila seli hata moja kufa. Kulinganisha sukari mbili kwa MTT ni sawa na kupima urefu wa watu wawili kwa fimbo mbili tofauti. Hesabu seli kwa bluu ya tripani, inayotia rangi zilizokufa, au pima DNA. Kama MTT ndiyo pekee uliyonayo, ondoa midia ya majaribio na uweke ileile kwa makundi yote wakati wa saa za rangi. Itapunguza kosa, haitalimaliza.

Glukosi nyingi imeleta athari, lakini ni ya glukosi kweli?

Tofauti ya milimola 25 na 5.5 ni karibu miliosmoli 20 kwa kilo. Seli nyingine huitikia hilo peke yake. Weka kundi lenye glukosi 5.5 na manitoli 19.5, ambayo seli hazili; athari ikitokea huko pia, ni shinikizo la osmosisi. L-glukosi, umbo-kioo la glukosi ya kawaida, ni bora zaidi kwa kazi hii, ila ni ghali.

Angalia pia namna ulivyosafisha midia. Glukosi iliyopikwa kwenye otoklevu pamoja na amino asidi huwa kahawia na kutoa mazao mapya ambayo seli hazikuyaomba. Chuja kwa kichujio cha mikromita 0.22 badala ya kupika. Na ukumbuke asili ya seli zenyewe: MIN6, seli za beta zinazotoa insulini, hufugwa kwa desturi kwenye milimola 25, na INS-1, za aina hiyohiyo, kwenye 11. Kwa seli za beta zilizozoea 25, kushushwa hadi 5.5 ndiyo mshtuko, na kundi unaloliita la kawaida ndilo lililo kwenye taabu. Zipe pasaji kadhaa kwenye kiwango kipya, kisha pima upya glukosi na laktati kabla ya kuanza jaribio lenyewe.